Jibu: M5 ya turbo imepoteza utamu wa ile ya V10?

Mkuu, umeuliza kama sisi tunaoendesha BMW M5 ya F10 (kizazi chenye turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) tunaikumbuka M5 ya zamani ya V10 (silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V) isiyo na turbo. Nimekaa na zote mbili: masikio yanaikumbuka, mguu haujuti.

Ile ya zamani, kizazi cha E60 chenye injini ya lita 5.0, ilitaka uikamue. Injini ikizunguka polepole ilikuwa gari la kawaida tu. F10, iliyotoka 2011, ina V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, farasi 560, na torki (nguvu ya kuzungusha magurudumu) ya Nm 680 inayoanza kwenye mizunguko 1,500 ya injini kwa dakika. Yaani unataka kulipita lori, unagusa pedeli kidogo, kiti kinakusukuma mgongoni, ukiangalia kioo lori liko nyuma huko. Hakuna kuhangaika na gia.

Kasoro ni mlio. Sehemu ya ule unaousikia ndani inatoka kwenye spika! Siku nilipojua hilo nilijiona kama msanii anayepigiwa makofi ya kurekodiwa.

Turbo zenyewe zimekaa katikati ya ile V ya silinda, na joto lake si mchezo. Ukiikimbiza, tembea taratibu dakika chache kabla ya kuegesha. Oili mimi namwaga mapema kuliko kompyuta ya gari inavyotaka. Matairi ya nyuma usiulize, yanaliwa kama karanga.

Ukipata V10 iliyotunzwa, iendeshe kwanza kabla hujaamua. Ila ya kwendea kazini kila siku, chukua ya turbo.