Mtoto akiingia timu ya kuogelea, mzazi akae wapi?

Nimezaliwa Mwanza na sijui kuogelea. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria miaka ile watanielewa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika bandari ya Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tangu siku hiyo mama yangu hakutaka kusikia habari ya mtoto wake kusogelea maji. Tulikua tunalitazama ziwa kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kuelea.

Sasa naishi Maryland, Marekani, katika kaunti ya Montgomery, jirani na Washington. Binti yangu amemaliza msimu wake wa pili kwenye timu ya kuogelea ya mtaani kwetu. Kila ukifika mwezi wa tano napokea simu za akina mama wenzangu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote wana swali lile lile: mtoto ameleta karatasi ya timu ya kuogelea, sisi wenyewe maji hatuyajui, tufanyeje? Nimeona niandike kila ninachokijua, nisiwe narudia kwenye simu.

Kwanza muelewe ni kitu gani. Hizi ni timu za majira ya joto, kila bwawa la mtaa lina timu yake. Mazoezi huanza mwishoni mwa Mei, jioni, kwa sababu shule bado hazijafungwa. Zikifungwa yanahamia asubuhi. Jumamosi ni mashindano dhidi ya timu ya bwawa jingine, Jumamosi tano, halafu mashindano ya timu zote za daraja lenu mwishoni mwa Julai, basi, msimu umekwisha. Watoto wamepangwa kwa umri, kuanzia miaka 8 kushuka chini mpaka vijana wa 18. Msidharau kwa kuwa ni ya mtaani. Katie Ledecky, yule bingwa wa kuogelea wa Marekani, alianzia kwenye ligi hii hii akiwa na miaka sita, kwenye bwawa la Palisades, na alipofika miaka 15 akachukua dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya London 2012. Nalisema hili mjue tu mahali mlipo. Usimwambie mwanao kila asubuhi kwamba atakuwa Ledecky.

Kosa linalofanywa na familia nyingi za kwetu ni kudhani timu ndiyo itakayomfundisha mtoto kuogelea. Kocha ana watoto arobaini majini na wasaidizi wake ni vijana wa sekondari. Anachofanya ni kunyoosha mtindo wa mtoto ambaye tayari anaweza kuvuka bwawa bila kushika kamba. Kama wako hajafika hapo, mpeleke masomoni wakati wa baridi, kwenye mabwawa ya ndani ya kaunti, ili Mei imkute yuko tayari. Sisi tulianza Oktoba. Kufikia Machi alikuwa anavuka mita 25 kwa mtindo huru (freestyle), amechoka hoi lakini amefika.

Vifaa ni vichache. Nguo ya kuogelea inayobana vizuri, miwani ya kuogelea, kofia, taulo mbili. Nasema mbili kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa mbili asubuhi. Nunua miwani miwili ya aina moja, maana kamba hukatika dakika mtoto anapoitwa. Mapezi na vikorokoro vingine msinunue mwaka wa kwanza. Sare ya timu uliza kama kuna familia inayouza ya mwaka jana, mara nyingi ipo.

Kwa sisi Waislamu, na hata wasio Waislamu wanaopenda mtoto ajisitiri, ongeeni na mwakilishi wa timu kabla msimu haujaanza. Msisubiri Jumamosi ya kwanza. Elezeni mtoto atavaa nini, suruali ya kubana na mikono mirefu, muombe mjibiwe kwa maandishi, na nakala mwende nayo kwenye mashindano. Mtoto asije akasimamishwa mbele ya watu aanze kujieleza mwenyewe.

Nywele zina habari yake ndefu, na ndizo zinazowatoa mabinti wetu wengi kwenye mchezo huu. Mimi msimu wa kwanza nilimsuka rasta, nikijisifu kwamba nimemaliza kazi ya miezi miwili. Rasta zinanyonya maji. Zilikuwa nzito kiasi kwamba kichwa chake kilikuwa kinazama nyuma, shingo inamuuma, na kofia ya kawaida ilikuwa inafyatuka kila akijirusha. Wiki ya tatu nilizifumua usiku kucha nikamsuka mistari midogo ya nywele zake mwenyewe, zikalala kichwani. Kabla ya kuingia bwawani nazilowesha kwa maji safi ya bomba, napaka mafuta mazito kidogo, ndipo kofia inavaliwa. Nywele iliyoshiba maji safi hainyonyi klorini nyingi. Akitoka, zinasuuzwa pale pale bombani, hatungoji kufika nyumbani. Na zipo kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele kama zetu. Kofia ya Soul Cap ilikataliwa na shirikisho la kuogelea la dunia kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ikaja kuruhusiwa Septemba 2022. Kwa hiyo mtu akikwambia haikubaliki, mjibu kwa adabu kwamba inakubalika.

Jambo jingine mtoto wako huenda atalikuta: kwenye mstari wa kuruka, mweusi ni yeye peke yake. Binti yangu aliniuliza hilo kwenye gari, mazoezi ya pili tu. Nikamwambia ukweli. Katika kaunti hii hii, bwawa la bustani ya starehe ya Glen Echo lilifunguliwa 1931 na watu weusi hawakuruhusiwa kuingia, mpaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard na wakazi wa jirani walipoandamana mwaka 1960, na mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa. Bibi ambaye hakuruhusiwa bwawani hakuwa na namna ya kumfundisha mwanawe. Kisha nikamwonyesha picha ya Simone Manuel, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea, Olimpiki ya Rio 2016, mita 100 mtindo huru. Akaikuza picha kwenye simu, akatazama kofia yake kwa muda mrefu.

Sasa Jumamosi yenyewe. Mnatakiwa bwawani kama saa moja asubuhi watoto wapashe mwili. Chukueni mwavuli mkubwa au hema dogo, mkeka, na kitu cha kumfanya mtoto atulie, karata au kitabu, kwa sababu atakaa masaa matatu kusubiri mbio za nusu dakika hivi. Wenyeji huwaandika watoto mkononi kwa maka peni: namba ya mbio, kundi, njia. Muoneshe mtoto asome mkono wake mwenyewe. Wangu alijifunza mapema, akawa anawapanga na wenzake wadogo. Chakula kiwe chepesi. Nusu chapati na ndizi mbivu, tena mapema. Sambusa na wali wa jana ngojeeni mbio ziishe. Radi ikisikika, watoto wote wanatolewa majini na hawarudi mpaka zipite dakika thelathini tangu mngurumo wa mwisho. Usigombane na waamuzi kwa hilo, hata kama jua limeshatoka.

Na hapa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Jumamosi ya pili ya msimu wa kwanza, binti yangu akiwa na miaka minane, alipangiwa mita 25 mtindo wa kifua (breaststroke). Mtindo huu una sheria kali: mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Mtindo wa kipepeo (butterfly) nao ni hivyo hivyo. Mkono mmoja ukitangulia, umefutwa. Mlio ukatoka, wakajirusha. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na nikajikuta natembea naye sambamba, napiga kelele, "Vuta! Vuta mama! Usisimame!" Kwenye mtindo wa kifua kichwa hutoka juu ya maji kila mkupuo, na kila kikitoka, masikio yanasikia. Watu mia walikuwa wanashangilia kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa changu peke yangu.

Alikuwa wa pili. Zimebaki mita mbili akageuza shingo kunitafuta, bega likapinda, mkono wa kulia ukagusa ukuta, wa kushoto ukafuata nyuma. Mwamuzi akanyoosha mkono juu. Baadaye kocha aliletewa kikaratasi chenye jina la binti yangu, kimewekwa alama kwenye mstari unaosema mikono haikugusa pamoja.

Kwenye gari sikumwacha hata apumue. Mkono mmoja wa nini? Si mmefundishwa? Si juzi tu umefanya vizuri? Yupo kiti cha nyuma, kajifunika taulo mpaka kidevuni, midomo inatetemeka. Tulipofika taa nyekundu ya mwisho kabla ya nyumbani akasema, "Mama, sauti yako ilikuwa ya kuogopa. Niligeuka kuangalia kuna nini."

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli nilikuwa naogopa. Kila akizamisha kichwa mimi nilikuwa nahesabu mpaka kitoke. Nilichokuwa napiga kelele ukingoni pale hakikuwa maelekezo ya mchezo, ilikuwa ni Mwanza ya 1996. Na mtoto aliisikia, akaacha shughuli yake akaja kunishughulikia mimi.

Wiki ile nilimweleza mwakilishi wa timu, mama mmoja mpole sana, kwamba sijui nikae wapi siku ya mashindano. Akaniweka kwenye orodha ya wapima muda. Ninyi mnaoombwa kujitolea mkajificha, nawasihi mkubali. Kila timu hutoa wazazi wa kusimama mwisho wa njia na saa mkononi. Hakuna ujuzi mkubwa. Unaianza saa ukiona taa ya kuanzia imemulika, husubiri kusikia mlio, kwa sababu mwanga unakuwahi kabla ya sauti. Unaisimamisha mtoto akigusa ukuta kwa sehemu yoyote ya mwili. Ili uone vizuri lazima uiname juu ya maji kabisa, na utalowa. Mimi ambaye sikuwahi kusogea karibu na bwawa bila kushika kitu nilijikuta nimeinama hapo asubuhi nzima, watoto wa watu wanakuja kwa kasi chini ya pua yangu, mmoja baada ya mwingine, na wote wanatoka wazima.

Ukishika saa, huwezi kupiga kelele. Macho yako yapo ukutani. Siku hiyo binti yangu aliogelea kwenye njia ya nne na mimi nilikuwa ya moja. Sikuona mbio zake. Nilimuona tu akitoka, anavua kofia, anacheka na mwenzake.

Tangu hapo kwenye gari tuna utaratibu. Nauliza kama ana njaa. Nauliza kama ana baridi. Kuhusu mbio sianzi mimi. Akitaka ataanza mwenyewe, na mara nyingi anaanza tukishafika nusu ya njia, na anachosimulia si mbio, ni nani alipoteza miwani na nani alimwagia nani maji. Makosa ya mtindo ni kazi ya kocha, mtoto amsikilize yeye. Namba anaandika mwenyewe kwenye daftari: wiki ya kwanza mita 25 huru, sekunde 31.40, mwisho wa Julai, 26.85. Jina la mtoto mwingine halimo kwenye daftari hilo, na nikiona linataka kuingia nalizuia, kwa sababu mtoto wa miaka minane hawezi kufanya lolote kuhusu urefu wa miguu ya jirani yake, ila sekunde zake mwenyewe anaweza kuzipunguza.

Akina baba, nanyi mje. Nimeona baba anakuja siku ya tuzo tu, mtoto anamtambulisha kwa kocha kama mgeni. Njooni hata mara mbili, mfunge kamba za njia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wenzenu.

Mwezi wa nane zitakuja barua pepe za klabu za mwaka mzima, zinasema mtoto ana kipaji. Huenda anacho. Lakini klabu hizo ni mazoezi siku nne au tano kwa wiki, ada kubwa, na wikiendi nzima kwenye mabwawa ya mbali. Sisi tulimuuliza mwenyewe, akasema anataka kucheza mpira wa wavu na shule, tukaacha. Rafiki yake alitaka, wakampeleka, na anaendelea vizuri.

Bibi yake yuko Mwanza. Alipotumiwa video kwa WhatsApp, mara ya kwanza alijibu kwa neno moja, "Mtoeni." Msimu huu wa pili ametuma ujumbe wa sauti akitaka kujua kama na wavulana wa huko nao wanaogelea kwa kasi namna hiyo. Mimi nimejiandikisha darasa la watu wazima, Jumanne jioni, na nimefika mahali naweza kuweka uso majini.

Wanaotaka kuingia mwakani wasisubiri Mei. Mabwawa mengi huku yana orodha ya kungojea uanachama, na usajili wa timu hujaa mapema. Anzeni kupiga simu Januari, na ulizeni swali moja zaidi ya bei: wapima muda wanahitajika wangapi.