Wali wa nazi Mirihi?

SWALI: Mimi ni mama lishe hapa Tanga. Mjukuu wangu ananiambia siku moja watu watahamia sayari ya Mirihi. Nikamuuliza, huko nitapika wali wa nazi? Akacheka tu. Hebu nijibu wewe.
Bibi wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo Bibi. Mkaa usahau: moto unakula oksijeni, na ndani ya nyumba za kule kila pumzi ina hesabu yake. Utapikia umeme. Sufuria itatulia jikoni, ila mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya huu wetu, kwa hiyo kilo 10 za mchele utazihisi kama 4 hivi. Mgongo utashukuru.

Maji ndiyo yatakayokukunja uso. Yatatokana na jasho, pumzi na, niwie radhi Bibi, mikojo ya wakazi, yakichujwa upya. Usiteme mate! Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji mwaka 2023, na wanaanga wanayatilia kahawa.

Nazi ndiyo kazi. Mnazi unataka miaka na nafasi. Letusi iliyooteshwa angani ililiwa mwaka 2015, lakini letusi haina tui. Labda ubebe nazi ya unga, ingawa mimi naiona dhambi.

Simu kwa mjukuu? Ukisema “haloo”, itamfika baada ya dakika 3 hadi 22, kutegemea Mirihi iko wapi. Umbea hautanoga. Ila mteja wa mkopo hatakuwa na pa kukimbilia.