Siasa ilitangulia, viwanda vikafuata

Umeuliza kilichoivunja jamii ya kale ya Japani ni viwanda au mapinduzi ya 1868, yaliyoung'oa utawala wa kijeshi na kurudisha madaraka kwa mfalme. Mimi nasema siasa ilianza.

Watu husimulia sana habari za samurai, tabaka la wapiganaji, na kweli waliporomoka haraka. Mwaka 1873 ikaja sheria ya kuandikisha jeshi, mtoto wa mkulima naye akapewa bunduki. Mwaka 1876 wakakatazwa kubeba panga hadharani, na posho walizolipwa na serikali zikageuzwa hati za dhamana, yaani hati za deni la serikali. Saigo Takamori, kiongozi wa samurai, alipoongoza uasi mwaka 1877, alishindwa na jeshi lililojaa vijana wa kuandikishwa.

Ila aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mkulima. Zamani alilipa kodi kwa mchele, kwa kuangalia mavuno. Kuanzia 1873 akadaiwa fedha taslimu, asilimia 3 ya thamani ya shamba, mvua inyeshe isinyeshe. Bei ya mchele ilipoanguka miaka ya 1880, wengi wakauza ardhi wakabaki wapangaji.

Hapo ndipo viwanda vinapoingia. Baba anapokea fedha za kutanguliziwa na kiwanda, binti anaenda kusokota hariri kiwandani mpaka deni liishe. Cha ajabu, kiwanda cha hariri cha serikali cha Tomioka kilipofunguliwa mwaka 1872 kilikosa wasichana: ulivuma uvumi kwamba mafundi wa Kifaransa waliokuwa hapo wanakunywa damu. Baadhi ya waliojitokeza mwanzoni walikuwa mabinti wa samurai.