Mwalimu mgeni, mtoto yule haoni ubao

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa shule huku kwetu ziwani, iwe Ukerewe, Sengerema au Mwanza mjini, ipo siku utaita mahudhurio na kumkuta: mtoto mwenye ualbino, kakaa dawati la nyuma kabisa, kofia mapajani. Mimi nilikuwa huyo. Leo nashika chaki, na makosa niliyofanyiwa nayaona yakirudiwa na walimu wasio na nia mbaya hata kidogo.

Nilikuwa darasa la tatu mwaka 2008. Dirisha letu lilitazama ziwa, na ikifika saa nne mwanga uliopiga majini uliingia ubaoni, ubao ukang'aa kama bati jipya. Sikuona herufi hata moja. Mwenzangu wa dawatini akawa ananinong'oneza sentensi, mimi naandika. Tukachapwa wote wawili, yeye kwa kupiga domo, mimi kwa uvivu. Uvivu! Macho yetu yamepungukiwa melanini kama ngozi ilivyopungukiwa. Hayatulii, mwanga unayaumiza, na miwani inasaidia lakini haimalizi.

Kwa hiyo usimhamishie mbele ukadhani umemaliza. Mruhusu ainuke, aende ubaoni, asogeze pua akitaka. Soma kwa sauti unachoandika. Darasa la saba taarifa zake ziende mapema, wakati wa usajili wa mtihani, ili apate karatasi ya maandishi makubwa.

Jua halina mjadala. Mstarini asimame kivulini. Kofia pana na mikono mirefu si utovu wa sare. Losheni, kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi, hupakwa tena kila baada ya saa mbili, basi asilazimike kujieleza kila anapoomba kutoka.

Maneno ndiyo yatakayokusumbua. "Zeruzeru" utalisikia, na "dili" pia, yaani bidhaa ya kuuzwa. Hilo la pili mimi nililisikia miaka ile tulipouawa kwa ajili ya viungo vyetu, vilivyotakiwa na waganga, bibi akinisindikiza hadi mlango wa darasa, panga kalifunika kwa kitenge. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, lakini neno limebaki kwa watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Fimbo hailitoi. Mwaka jana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli ninyi hamfi, mnapotea tu?" Nikamjibu kwamba shangazi yangu alikuwa kama mimi, saratani ya ngozi ilimwanzia sikioni, na kaburi lake lipo Sengerema, lina msalaba na jina. Darasa zima likanyamaza.

Mama akija shuleni, mara nyingi atakuja peke yake. Wapo kina baba waliokimbia wakidai mke kazaa na mzungu. Mweleze, taratibu na bila haraka, kwamba vinasaba vya ualbino vilitoka kwa wazazi wote wawili, wao wenyewe wasionyeshe dalili yoyote, na kwamba kwa wazazi wa namna hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Wengine hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Mmoja alilia ofisini kwangu, akaomba nimwandikie kwenye karatasi akamwonyeshe mama mkwe.

Mwanafunzi wangu wa sasa mwenye ualbino yuko darasa la tano. Hubeba kiti chake hadi mbele ya ubao. Wiki ya kwanza wenzake walipiga kelele kwamba anawaziba. Siku hizi mwandiko wangu ukiwashinda, wanamuuliza yeye nimeandika nini.