Namna ya Kuiweka Chini Kazi ya Kudarizi Ili Uweze Kuirudia

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanawake wenzangu wanaodarizi kwa mapenzi tu, bila kutafuta soko, ni kama ni vibaya kuanza kazi mpya ilhali ya zamani bado imelala kabatini. Baada ya miaka mingi ya kushika sindano hapa Mtwara, jibu langu ni kwamba wingi wa kazi hauna madhara, mradi kila moja ina saa yake na imewekwa chini kwa utaratibu. Kazi nyingi nilizoziona zikiishia njiani zilikwama kwa sababu siku mwenyewe alipotaka kuzirudia hakukumbuka alitumia nyuzi ngapi, sindano ipi, wala mchoro uliishia wapi, akaona ni nafuu kuanza nyingine.

Kwa sasa nina kazi nne, na ndizo nitakazozitolea mifano. Ya kwanza ni kofia ya bulibuli ya mtoto wa kaka yangu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ya pili ni jozi ya foronya za harusi zenye maua ya mshono wa mnyororo. Ya tatu ni uso wa mto wa kiti, ninaoujaza kwa uzi wa sufu juu ya gunia la juti. Ya nne ni picha ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kale, kwa mshono wa msalaba juu ya Aida, kitambaa chenye vitundu vilivyopangwa kwa miraba.

Kofia inataka mwanga wa asubuhi, kwa kuwa weupe juu ya weupe hauonekani vizuri chini ya taa. Naishona barazani kabla jua halijawa kali. Picha ya Aida inataka utulivu, maana kila msalaba unahesabiwa, na anayehesabu huku akijibu salamu za wapita njia atapotea tu. Foronya ndizo ninazotoka nazo, iwe ni kwenye kikao cha harusi au kwenye foleni ya hospitali, kwa kuwa maua yamekwisha kuchorwa kwa penseli na mkono unafuata mstari bila kuhesabu chochote. Gunia nimeliwekea usiku. Vitundu vyake ni vikubwa kiasi kwamba hata umeme ukikatika, taa ndogo ya sola inatosha. Mtu mwenye kazi nne za aina moja, zote za kuhesabu au zote nyeupe, ataziona zikigombania saa ileile, na tatu kati yake zitasahaulika.

Sasa nije kwenye kuiweka chini kazi, ambalo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine. Katika kazi ya kuhesabu, usiishie mwisho wa mstari wala mwisho wa rangi. Ishia katikati ya sehemu nyepesi, mahali ambapo utakapoichukua tena utaendelea na kitu unachokijua, mkono upate kuzoea kabla ya kufika kwenye ugumu. Kisha andika. Mimi huweka kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa kila kazi, nacho hueleza namba ya rangi, idadi ya nyuzi, ukubwa wa sindano, na mwelekeo wa mguu wa juu wa msalaba. Hilo la mwisho watu hulidharau. Katika mshono wa msalaba, miguu yote ya juu inapaswa kulalia upande mmoja, kwa sababu uzi wa pamba hung'aa kufuatana na namna unavyopokea mwanga. Ukirudi baada ya miezi na kuilaza upande wa pili, sehemu hiyo itaonekana kama kiraka hata kama rangi ni ileile.

Idadi ya nyuzi nayo ina uzito wake. Uzi wa kawaida wa kudarizi unaouzwa kwa vitita, kama ule wa kampuni ya DMC, una nyuzi sita nyembamba zilizoshikamana, na kitita kimoja kina mita 8. Kwenye Aida yenye vitundu 14 kwa inchi, nyuzi mbili ndizo zinazotumika kwa kawaida. Ukirudi na tatu, mistari mipya itanenepa kando ya ile ya zamani, na hakuna ufuaji wala upigaji pasi utakaoificha tofauti hiyo. Tunza pia ile karatasi nyembamba inayofunga kitita, kwa kuwa ndiyo yenye namba ya rangi. Kwa sisi tulio kusini, ambao uzi wa namba fulani aghalabu huagizwa Dar es Salaam, nashauri ununue rangi ya mandhari yote, yaani eneo la nyuma ya picha, kwa mara moja, kwa sababu rangi ya namba ileile iliyochovywa wakati tofauti inaweza kupishana kidogo, na mandhari ndipo upishano unapojitokeza zaidi. Ili kukadiria, shona kwa mita moja ya uzi uone umejaza miraba mingapi, kisha piga hesabu ya eneo lote na uongeze kidogo.

Picha ya Tendaguru naichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba. Mabaki ya mjusi huyo yalichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na mifupa yake imesimamishwa Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Nimetaka watoto wa nyumbani wamwone ukutani kama kiumbe wa kwao. Kwa anayejichorea, hesabu ni rahisi: mchoro wenye upana wa misalaba 140 kwenye Aida ya vitundu 14 utakuwa na upana wa inchi 10, nawe ongeza inchi tatu kila upande kwa ajili ya fremu na pindo. Anzia katikati ya kitambaa, palipo na mkunjo wa urefu na wa upana, ili picha isiegemee ukingoni.

Gunia linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa wengi hawalifikirii kabisa. Turubai maalumu ya kazi hii ni ghali na haipatikani kirahisi huku, lakini magunia ya juti ya korosho yapo, na mfumo wake wa wazi unafaa. Lifue kwanza, maana lina vumbi na harufu, kisha likaushe likiwa limevutwa pande zote. Baada ya hapo pima kwa rula vitundu vya urefu na vya upana katika inchi tano. Mara nyingi havilingani, na usipozingatia hilo, mraba uliouchora utatoka umebonyea. Mchoro wangu ni mistari ya pembepembe iliyokatwa na kurudiwa, niliyoitoa kwenye nembo za Wamakonde ambazo bado zinaonekana kwenye nyuso za wazee wachache na kwenye vinyago vya zamani. Mistari hiyo inakubaliana vizuri na gunia kwa kuwa mshazari wake unahesabika: kitundu kimoja juu, kimoja pembeni.

Mshono wenyewe ni mfupi, wa mshazari, wote ukielekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo huvuta gunia mpaka likapinda. Ukishona kwa safu za mlalo, utaliona linapinda mapema. Shona kwa safu za mshazari, ukishuka na kupanda kama mtu anayesuka ukili, na upande wa nyuma utajifunga wenyewe. Uzi mwingi zaidi utatumika, lakini mto wa kukaliwa unastahili. Mwombe fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao ya mraba, na uligongomee gunia humo hadi kazi iishe. Sindano iwe butu, hapa na kwenye Aida pia, ili ipite kitunduni bila kuchana nyuzi za kitambaa. Sindano kali iache kwa foronya na kofia.

Kofia inakwenda kinyume na nilichosema juu ya kuishia katikati. Mama mdogo wangu wa Mikindani, aliyenifundisha, husisitiza kwamba kitundu kilichoanzwa kizungushiwe uzi mpaka kiishe, na ua la vitundu lililoanzwa likamilike kabla ya kuinuka. Namwamini, kwa sababu mkono wa leo na mkono wa kesho haikazi sawa, na kitundu kilichoshonwa na mikono ya siku mbili hupoteza umviringo wake. Kama huna muda wa kumaliza ua zima, usiliguse siku hiyo.

Hali ya hewa ya pwani yetu ina madai yake. Usiache sindano ndani ya kitambaa hata kwa usiku mmoja. Hewa ya chumvi huipatisha kutu, na alama ya kutu kwenye kitambaa cheupe ni vigumu sana kutoka. Fremu ya mviringo nayo ivuliwe kila unapopumzika, ili isiache duara la uchafu na mkunjo. Kazi zihifadhiwe katika mifuko ya pamba, kwa kuwa mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani na ukungu ukaota; miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, zitolewe zipigwe upepo kivulini. Sufu ikaguliwe kila mara kwa ajili ya nondo. Na katika msimu wa korosho, mtu aliyetoka kuokota mabibo au kubangua korosho asishike kazi nyeupe kabla ya kunawa vizuri kabisa, maana maji ya bibo huacha doa la hudhurungi ambalo sabuni hailiwezi. Kwa jasho, weka kitaulo mapajani.

Kabla ya kufua kwa mara ya kwanza, bonyeza pamba nyeupe yenye maji juu ya kila rangi kali, hasa nyekundu, uone kama inachuja. Fua kwa maji baridi na sabuni laini, kisha piga pasi upande wa nyuma, uso ukiwa umelazwa juu ya taulo nene.

Kuhusu ipi imalizwe kwanza, mimi hutanguliza yenye tarehe ya mtu mwingine, na ndiyo maana foronya za harusi zinaipita picha ya Tendaguru, ingawa moyo wangu uko kwenye picha. Kama kuna kazi usiyoitamani tena, mpe mwenzako anayeipenda, pamoja na nyuzi zake zote, sindano yake na ile karatasi ya maelezo, ili aendelee pale ulipoishia bila kulazimika kufumua.