Barua kwa mwanangu: sinia la Idi

Mwanangu,

Salamu kutoka Ngamiani, sote wazima. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema Idi hii tutakula kwako Muheza, na unauliza nani apikiwe chungu chake, maana baba yako ana sukari, mjomba wako presha, mke wa kaka yako hali nyama, na mwanawe akionja karanga koo linavimba. Nitakujibu. Ila kabla ya vyungu, niambie umepanga nani aketi wapi.

Unaikumbuka Idi ile, baba yako alipokuwa ndiyo kwanza ameambiwa ana sukari. Shangazi yako ndiye aliyepakua. Masinia ya pilau yametuliwa mkekani, watu wamenawa, akaja na bakuli la bati lenye ndizi za kuchemsha na mchicha. Akalitua juu ya kigoda, pembeni kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Hiki cha mgonjwa!" Ndugu zake wamezunguka sinia, yeye peke yake kigodani. Baba yako akashukuru, akala vipande viwili, akaenda kunawa. Mimi ni wifi mtu, ningesema nini mbele ya wakwe? Lakini roho inaniuma hadi leo. Na ndizi zenyewe ni wanga kama wali ule ule waliomnyima!

Ndiyo maana kila mwaka nasema, na mwaka huu nasema tena: tofauti ziishie jikoni.

Kwa hiyo usipike pilau, pika biriani. Pilau huiva ndani ya supu ya nyama, na ukishaondoa minofu ile supu imebaki kwenye kila punje. Mke wa kaka yako hawezi kuila, na kumwambia "chagua wali tu" ni kumdharau. Biriani wali huiva mbali na rojo. Basi fanya rojo mbili, moja ya mbuzi, moja ya viazi na njegere, na kila rojo na upawa wake. Usidhani kumkaangia kamba au pweza ndiyo heshima. Yule ni Msabato wa Upareni, vyote viwili kwao havilwi, na kahawa pia usimlazimishe. Halafu mwonyeshe rojo yake mwenyewe, aione sufuria, ale bila wasiwasi.

Baba yako aketi kwenye sinia na wenzake. Kliniki wanasema nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo nyama au kunde, na watu huniuliza sinia utaligawaje robo. Mbona tumefundishwa tangu utoto kila mtu ale mbele yake? Upande wake jaza kachumbari na mchicha, weka mbaazi na mnofu, wali kiasi cha ngumi yake. Hakuna atakayeuliza. Ila akishachoma sindano yake asisubirishwe wageni waliochelewa, maana sukari ikishuka anatetemeka na kutoka jasho, nawe umewahi kumwona. Mjomba wako, punguza chumvi kwenye rojo, ongeza ndimu na bizari, na achari ikae mbali naye. Atalalamika. Mwache alalamike.

Sasa mtoto. Hapa najua najipinga. Nimesema tofauti ziishie jikoni, kisha nakwambia mtoto awe na sahani yake na kikombe chake, na watu wote waambiwe kwa nini. Nimelifikiria sana hili. Sukari ina kiasi, chumvi ina kiasi, karanga kwa mtoto yule haina kiasi. Hata mwiko uliokoroga mchicha wa karanga unatosha kumdhuru. Kwa hiyo karanga isiguswe kabisa jikoni siku hiyo, wala brenda iliyosaga karanga usiitumie kusaga mchele wa mkate wa kumimina. Na zile sahani za majirani, zenye visheti na kashata, zipokee kwa shukrani, ziweke juu ya kabati mpaka mtoto alale. Lakini aketi na watoto wenzake, mkeka mmoja. Hilo silipunguzi.

Umeniuliza pia kama umkaribishe shangazi yako apakue, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nisingemwachia upawa. Lakini ni dada wa baba yako, na baba yako mwenyewe hajawahi kulitaja lile bakuli, na nyumba ni yako. Sisemi zaidi. Nimeshasema, lakini sisemi zaidi.

Iliki najua huko inashuka kutoka milimani Amani, usiniagize. Mimi nitakuja na nazi na samli. Muulize mke wa kaka yako kama samli anakula. Kama hali, sehemu yake nitaipika kwa mafuta.

Mama yako