Lakers walimpata Luka, ila shimo likabaki wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni Lakers damu, ile timu ya kikapu ya NBA Marekani, toka enzi za Kobe. Februari 2025 walivyomleta Luka Dončić kutoka Dallas wakamtoa Anthony Davis nikajua ubingwa tayari uko kabatini, halafu raundi ya kwanza tu ya mtoano Minnesota wakatufunga 4-1! Kila ninayeongea naye anasema "hatukuwa na senta", basi. Ni senta tu kweli, yule mrefu wa chini ya ringi, au kuna kingine hatukioni?
Mdau wa Lakers

JIBU: Salama mdau, pole kwa maumivu, hata mimi sijasahau. Senta ni kweli, tena wala hatubishani, mechi ya tano senta wa Minnesota Rudy Gobert alipiga pointi 27 na ribaundi 24 (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa), mtu ambaye mechi nne za kwanza kwenye kufunga alikuwa haonekani kabisa. Na cha kuuma zaidi, siku hiyo Minnesota walitupa mitupo 47 ya pointi tatu wakapata 7 tu. Saba! Timu inakosa 40 halafu inashinda 103-96, maana yake kila wakikosa mpira wanauokota wenyewe chini ya ringi.

Ila watu wanakosea sehemu moja, wanahesabu majina. Ametoka Anthony Davis ameingia Luka, nyota kwa nyota, basi ngoma droo. Wewe usihesabu majina, hesabu kazi. Davis alikuwa na pointi 25.7 na ribaundi 11.9, sawa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufuta makosa ya wenzake, yaani gadi (mchezaji wa nje, mbali na ringi) kama Austin Reaves akipitwa haina shida, nyuma kuna mtu. Sasa ukimtoa huyo wa nyuma ukamleta Luka, ambaye kwa mpira mkononi ni hatari kupita maelezo ila kukaba sio kazi anayoipenda (tusidanganyane), hapo umeondoa mfuta makosa na umeongeza mkosaji mmoja kwa wakati mmoja, na pembeni yao alikuwepo LeBron, wakati huo ana miaka 40. Hilo shimo limeanzia huku nje kwa magadi, likaenda kuonekana kule chini kwa senta.

Halafu kuna kijana Max Christie, alienda Dallas kwenye dili hilohilo na hakuna aliyemlilia. Anakaba magadi na pointi tatu anaweka, wachezaji wa hivyo ndio unaowatafuta Aprili huwaoni.

Uongozi wenyewe haukulala. Walikubaliana na Charlotte wamchukue Mark Williams, senta mrefu wa kudaka mipira ya juu ya Luka na kudanki, wakamtoa Dalton Knecht pamoja na Cam Reddish na chaguo la raundi ya kwanza la drafti ya 2031 (pale timu zinapochagua vijana wapya), ila vipimo vya afya vikawatia wasiwasi wakafuta dili tarehe 8 Februari. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa limefungwa tarehe 6! Hapo unabaki na walio sokoni bila timu, ndio akaja Alex Len, na Jaxson Hayes akawa ndiye senta namba moja. Msimu wa kawaida ikafichika, walishinda mfululizo wakamaliza 50-32 nafasi ya tatu kanda ya magharibi, kwa sababu ukicheza na timu tofauti kila baada ya siku mbili hakuna anayepata muda wa kukuchokonoa kidonda kilekile. Mtoano ni mpinzani mmoja tu, kila siku anakuja palepale.

Ukitaka kujua udhaifu wa kikosi chochote baada ya dili kubwa angalia kocha anamwamini nani dakika za mwisho. Mechi ya nne kocha wetu JJ Redick alichezesha watu walewale watano nusu yote ya pili ya mchezo, hakubadilisha hata mmoja, LeBron, Luka, Reaves, Hachimura na Finney-Smith. Waliingia robo ya mwisho wanaongoza kwa 10, wakafungwa robo hiyo 32-19, mechi ikaisha 116-113. Kocha asipogusa benchi kabisa, basi benchi hana. Na mechi ya tano Hayes hakuingia hata dakika moja, Gobert mwenye sentimita 216 akawa anakabwa na mafowadi.

Kwa hiyo kiangazi cha 2025 walivyomchukua senta Deandre Ayton wengi wakasema tayari tatizo limeisha, mimi nikawa namwangalia zaidi Marcus Smart, maana yeye ndiye wa upande wa magadi.

SWALI: Na Dallas je, wao walipata nini?

JIBU: Walipata ukuta (Davis) wakapoteza dereva (Luka). Davis aliumia mechi yake ya kwanza tu, tarehe 3 Machi gadi wao Kyrie Irving akachana goti, na hapo hapakuwa na mtu wa kuongoza mashambulizi. Bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague kijana wa kwanza, ikawaokoa, uwezekano wa 1.8% wakatoka na namba moja, wakamchukua Cooper Flagg, fowadi. Msimu ulipoanza wakampanga pointi gadi, yaani huyo dereva wa mashambulizi.